Aliyetolewa Namba Kabla Hajatoka

Mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zimelala kama migomba iliyopigwa na upepo, na huenda nimekosea maneno mengi, kwa sababu niliishia darasa la saba na tangu hapo mkono wangu umeshika udongo kuliko kalamu. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua jioni mbili. Kwa mwandiko naomba radhi. Kwa habari yenyewe siombi, maana ni ya kweli.

Najua visa vya namna hii huwa vya usiku wa manane, na mbwa wanabweka. Changu kilitokea saa saba mchana. Kingekuwa cha usiku labda mngeniamini haraka, lakini je, nibadilishe saa ili mfurahi? Sibadilishi.

Mimi ni msichana. Nakaa na bibi yangu mzaa baba huku Kyerwa, chini ya kilima kilichokuwa mgodi wa bati. Mgodi ulifungwa kabla baba yangu hajaota ndevu. Zimebaki reli nyembamba za vitoroli, zimeliwa na kutu. Zimebaki nguzo za saruji zilizobeba mashine ya kusaga mawe, na mashimo yenye maji ya kijani ambayo wafugaji huwafukuza ng'ombe wasiyanywe. Mahandaki karibu yote yameporomoka. Moja tu bado liko wazi mdomoni, na hapo pembeni kuna udongo mweupe, laini, ukiutia mdomoni husikii mchanga. Ndio udongo wetu. Mimi na bibi tunafinyanga majiko. Udongo mwingine ukichomwa mara tatu unapasuka. Huu, hata uchemshie maharage makavu kila siku, haupasuki. Manesi wa hospitali ya Nyakahanga wanayajua majiko yetu. Bodaboda hupakia manne kwa safari moja, na nyasi katikati yasigongane.

Kuna kitu kingine kilichobaki kule, nacho lazima nikieleze vizuri. Ni ukuta. Ulikuwa wa ofisi ya msimamizi; paa halipo, kuta tatu zimeanguka, mmoja umesimama. Umejaa misumari, na chini ya kila msumari imechorwa namba kwenye saruji. Zamani kila mchimbaji alikuwa na kibati chenye namba yake. Asubuhi anakuja nacho kutoka nyumbani, anakitundika kwenye msumari wake, anaingia chini. Jioni akitoka anakichukua, anaenda nacho kwake. Msimamizi hakuhitaji kuita majina. Akitazama ukuta tu, anajua nani bado yuko ndani.

Babu yangu Anatoli alikuwa mchimbaji. Siku moja, zamu ikiwa inaisha, handaki liliporomoka. Msimamizi akakimbilia ukutani. Misumari yote ilikuwa mitupu. Wote wametoka, akasema, na hakuna aliyechimbua hata jiwe moja.

Lakini babu hakufika nyumbani. Siku ya tatu ikasemwa kuna mfuko wa bati haupo, na Anatoli hayupo, basi mfuko na Anatoli wako pamoja, wamevuka mto Kagera kwenda Uganda. Bibi alikuwa na mimba ya baba yangu. Tangu siku ile sisi ni watu wa mwizi wa bati. Hata mimi, miaka yote hii baadaye, kalamu ya mtu ikipotea darasani, mwenzangu mmoja alikuwa anapaza sauti: "Mwulizeni mjukuu wa Anatoli! Au imeshavuka mto?" Darasa zima linacheka. Mnajiuliza kwa nini naona haya mbele za watu, kwa nini nikisema shikamoo lazima utege sikio? Haya yangu ilianzia hapo.

Kwa bibi ilikuwa mbaya zaidi. Kwetu mume akifa ukoo hukusanyika, mjane hunyolewa nywele, na marehemu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake. Mwili usipopatikana, ukoo huzika shina la mgomba badala yake. Lakini aliyetoroka hazikwi, na mke wake hanyolewi. Bibi alizeeka hivyo, si mke na si mjane. Mwaka huu kifua chake kilipoanza kukoroma na macho kufifia, aliniambia neno moja tu: "Mjukuu wangu, nataka kufa nikiwa mjane. Sitaki kufa nikiwa mtu aliyeachwa."

Sasa sikilizeni.

Nilikuwa nachimba udongo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejikwaruza kidole gumba kwenye reli yenye kutu, kikawa kinatoa damu kidogo kidogo. Mvua ikaja ghafla, ile ya matone mazito. Nikaingia mdomoni mwa handaki kujikinga. Handaki lile nalijua: ni hatua sita, kisha mawe yaliyoporomoka yameziba kabisa, hata panya hapiti. Nimelipima mimi mwenyewe kwa miguu yangu, mara nyingi.

Palikuwa na mtu amekaa.

Niliona miguu kwanza, na sikuona zaidi ya miguu. Nililelewa hivyo: msichana akikutana na mwanamume mkubwa anapiga magoti, anainamisha kichwa, anaamkia na kumwita waitu, yaani bwana. Nikapiga magoti kwenye kokoto. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaotafuta vyuma chakavu.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekuzuia?"

"Ndiyo, waitu."

"Nami nimezuiwa."

Nyinyi mlio mbali mtauliza kama miguu ile ilikuwa na kwato. Hapana. Ilikuwa miguu ya mtu wa kazi, imepakwa vumbi jeupe mpaka magotini, na kidole cha pili cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mvua ilikuwa inapiga hadi pale alipokaa, na vumbi lile halikulowa.

Akauliza kama nina akamwani. Ndiyo kahawa yetu ya kutafuna, tunda zima lililochemshwa na kukaushwa. Ukiombwa huwa hukatai, na ukipewa huwa hukatai, anayekataa ametukana. Nilikuwa nayo mfukoni. Nikampa tunda moja kwa mikono miwili, huku nimeinama. Alilipasua. Tunda la kahawa lina punje mbili, mnajua. Moja akabaki nayo, ya pili akanirudishia. Nikaipokea kwa kidole kile kile chenye damu, nikaitia mdomoni.

Msichana mwingine angekataa, maana kila mtu huku amesikia kwamba punje mbili za tunda moja, zikiguswa na damu, ndizo wazee walizofanyia udugu wa kuchanjiana. Lakini mimi na haya yangu, ningemkatalia vipi mtu mzima? Nikatafuna. Ilikuwa chungu kama kahawa mbichi.

"Sasa kanitazamie ukutani," akasema. "Mia mbili na kumi na nne. Uone kama namba yangu ipo."

Nilienda na mvua ile ile. Namba zimefifia, nikazitafuta kwa kupapasa saruji mpaka nikaipata. Nikarudi, nikapiga magoti tena.

"Haipo, waitu. Msumari ni mtupu."

Akacheka, cheko fupi, la mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua sana.

"Kumbe nimeshatoka. Ndiyo maana hawaji." Akapumua. "Mtu aliyekwisha kutoka atatokaje tena? Ee Sospeteri, ndugu yangu, na wema wako wote!"

Miguu ikasimama, ikageuka, ikaingia ndani. Mimi nimeinama bado. Nikahesabu hatua zake kwa masikio, maana nilijua atafika kwenye mawe na kurudi. Tano. Sita. Nikasubiri. Saba. Nane. Tisa. Niamini, ndugu msomaji, nilihesabu mpaka kumi na saba, kisha sikuweza kuhesabu tena kwa sababu nilikuwa nakimbia.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia yote. Hakuniuliza habari za uso. Aliuliza: "Miguu?" Nikamwambia kuhusu kile kidole. Ungo ukamtoka mapajani, maharage yakamwagika sakafu nzima.

"Umesema namba gani?"

"Mia mbili na kumi na nne."

Aliniagiza nivute boksi lake la bati chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kanisani, kulikuwa na kibati cha mviringo. Nilikuwa sijawahi kukiona. Kimegongwa 214.

Ndipo bibi akanieleza. Babu na Sospeteri walikuwa wamechanjiana. Kila jioni aliyetangulia kutoka alichukua vibati vyote viwili, ili mwenzake asipange foleni ukutani. Siku ile Sospeteri alipita nyumbani, akampa bibi kibati cha babu, akasema, "Shemeji, bandika maji. Anakusanya vyombo vyake, yuko nyuma yangu." Akaenda zake kabla handaki halijaporomoka. Aliposikia kilichotokea alihama usiku huo huo, na hakuonekana tena. Watu wa mgodi walipokuja kupekua na kukuta kibati nyumbani, wakasema: si hicho? Alitoka, akakileta, akaondoka na bati. Bibi aliwaambia nani alikileta, hawakumsikiliza. Hata yeye mwenyewe, kwa kukitazama kile kibati kila mwaka, alifika mahali akaamini.

"Nilishika ushahidi wangu mkononi," akasema, "nikadhani ni ushahidi wao." Kisha akanitazama kidole. "Na wewe umekula naye punje? Basi huyo si wa kuachwa tena. Mwite shemeji yangu."

Shemeji yake ni mdogo wa babu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Anakaa Igurwa. Alikuja kesho yake kwa bodaboda, amevaa mabuti yake. Sijawahi kumwona mzee yule bila mabuti, hata kiangazi.

"Shemeji," bibi akamwambia, "nataka tuzike shina la mgomba."

"Kwa maneno ya nani? Ya huyu? Huyu ambaye kuku wakimtazama anajificha?"

"Ya huyu huyu."

"Haya, mama," akanigeukia, "uso wake ulikuwaje?"

"Sikumtazama, babu. Nilikuwa nimepiga magoti."

"Ahaa! Umeongea na mtu, umekula naye, uso hukuuona! Ukuta haudanganyi. Namba yake ilitolewa. Tena ninyi wenyewe mnayo ndani ya boksi! Mnataka nini zaidi kuonyesha kwamba alitoka?"

Sijui nguvu ilitoka wapi. Mimi, ambaye mwalimu alikuwa akiniuliza jibu nalia, niliinua kichwa nikamtazama machoni.

"Namba ilitoka, babu. Yeye hakutoka."

Nikamweleza kuhusu kidole kilichopanda juu ya kidole. Mzee akavuta miguu yake taratibu chini ya kigoda.

Bibi hakumhurumia. "Vua buti la kushoto, shemeji. Tuone mama yenu aliwagawia nini."

Hakuvua. Alisimama, akachukua fimbo yake. "Ukoo hautakuja kuzika mwizi."

"Basi usije," bibi akasema. "Migomba ni yangu, na panga ninalo."

Mchana ule ule nilikipeleka kibati. Bibi alikuwa amekitia kamba mpya ya ganda la mgomba. Nilikitundika kwenye msumari wake, nikaenda mdomoni mwa handaki, nikapiga magoti, nikasema kwa sauti kubwa kuliko sauti yoyote niliyowahi kutoa: "Waitu, namba yako ipo ukutani. Sasa unaweza kutoka."

Nikageuka nikaanza kurudi nyumbani. Sikutazama nyuma. Maisha yangu yote nimeogopa kutazama watu, siku hiyo kutotazama kulikuwa kazi rahisi. Nilipopita ule ukuta nilisikia nyuma yangu msumari ukilia, kama kitu chepesi kimetolewa. Kisha kokoto, nyayo baada ya nyayo, mtu anayetembea kwa uchovu wa kazi. Bombani palikuwa na jirani yetu mmoja anachota maji. Akasema, "Mnatoka wapi na vumbi lote hilo?" Mnatoka! Leo ukimwuliza anakana, anasema aliniona peke yangu. Akane. Nilisikia.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Macho yake hayaoni mbali, lakini aliinua uso, na hakuuelekeza kwangu. Aliuelekeza juu kidogo, nyuma ya bega langu.

"Umechelewa," akasema. "Maji yamepoa."

Akasogea kupisha njia.

Usiku hatukuona kitu, na sitawadanganya kwamba tulisikia. Tulilala. Asubuhi nilipoenda kuwasha moto, juu ya meko, kwenye kijiti kilichochomekwa ukutani ambacho sijawahi kuona kitu kikitundikwa, kilikuwa kinaning'inia kibati. Kamba mpya ya mgomba. Mia mbili na kumi na nne. Udongo mweupe bado mbichi. Bibi alikigusa, akasema ndipo babu alipokuwa anakiweka kila jioni akitoka kazini.

Nilikimbia mgodini kuhakikisha. Msumari ulikuwa mtupu.

Wapo wanaosema bibi alikitundika mwenyewe. Mgongo wake umepinda, hafikii hata rafu ya sahani. Wapo wanaosema sikukipeleka kabisa. Waseme. Walisema miaka mingi kwamba babu yuko Uganda anakula bati, na hawakuwahi hata kuvuka mto kumtafuta.

Siku hiyo hiyo tulizika. Wanawake tunaofinyanga nao majiko walikuja, na mmoja alikuja na wembe mpya. Mwinjilisti tuliyemwita alisema hawezi kuombea mgomba; bibi akamwambia akae hapo hapo, yeye bibi ataomba mwenyewe, na akaomba. Shina tulilivika shati, tukalilaza kwenye shimo kati ya migomba aliyoipanda babu kwa mkono wake. Bibi akanyolewa. Kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe, kinang'aa. Akakipapasa, akatabasamu kama bibi harusi. "Sasa mniite," akasema, nasi tukamwita, mmoja baada ya mwingine: mjane wa Anatoli, mjane wa Anatoli.

Nilipoinua macho nilimwona babu mdogo. Alikuwa amesimama njiani, nje ya kibanja. Miguu mitupu, mabuti ameyashika mkononi. Hakuingia. Hakuondoka pia mpaka udongo wa mwisho. Bibi alinituma nimpelekee akamwani, nikampelekea. Alipokuwa anapokea niliitazama miguu yake, kisha nikautazama uso wake, na yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

Bibi bado yupo, anakoroma kifua na kunigombeza. Mimi kidole changu gumba, pale kilipokuwa na jeraha, kimebaki cheupe kama udongo ule. Sabuni haikitoi. Na kila mvua ikianza kwa matone mazito, nasikia uchungu wa kahawa mbichi upande mmoja wa ulimi. Udongo naendelea kuchimba pale pale. Walioniambia niache nimewaambia wanipe wao udongo usiopasuka.

Lakini wewe unayesoma, popote unapofanya kazi, nakuonya. Usimtolee mwenzako namba kabla hujamwona kwa macho yako ametoka, hata kama unampenda. Wema wa namna hiyo umezika mtu akiwa hai. Na usiseme mtu ametoroka kama hujachimba.

Ukuta ule una misumari mingi, na yote ni mitupu. Ni namba ngapi zilitolewa na ndugu? Sijui. Kwa hiyo naomba mniandikie kupitia kwa mhariri atakayechapa habari hii. Kama babu yako alifanya kazi kwenye mgodi wa bati huku Kyerwa, na kwenu wanasema alitoroka, niandikie jina lake, na namba yake kama mnayo. Nitaenda kumtazamia ukutani, mchana, na nitaita kwa sauti. Andika tu, hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu. Nasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho.